Waite kabla ya ukurasa wa kwanza

Ninachora na kuhariri vijitabu vya kufundishia, na wasomaji wangu wengi ni vijana wenye ulemavu wa akili. Wapo wenye sindromu ya Down, hali ambayo mtu huzaliwa nayo, wapo wenye usonji ulioambatana na ugumu wa kujifunza, na wapo ambao hawajawahi kuambiwa hali yao inaitwaje. Wanachokumbuka ni kwamba darasani kila kitu kilikwenda mbio. Siku hizi sipokei kazi ya kijitabu chao kama wao wenyewe hawamo tangu siku ya kuchagua mada. Kuna wanaodhani ni huruma. Kwangu hili ni suala la ufundi kwanza: yapo makosa kwenye ukurasa ambayo jicho langu haliyaoni hata nikikesha, na wao wanayaona papo hapo.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Wataalamu wanaandika, mchoraji anachora, msanifu anapanga kurasa, na kitabu kikikaribia kwenda kuchapwa vijana wanaitwa ukumbini kwa ajili ya majaribio. Wanakuta kazi imekamilika, rangi zinang'aa. Mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni anauliza, "Mmeelewa?" Wanaitikia, "Ndiyo." Picha ya pamoja inapigwa, kitabu kinachapwa, na ripoti inasema vijana wameshirikishwa.

Hiyo "ndiyo" inanitia wasiwasi kuliko kimya. Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu jinsi watu wenye ulemavu wa akili wanavyojibu maswali ya ndiyo au hapana. Walikuta kwamba wengi huelekea upande wa ndiyo, hata pale maswali mawili yanapopingana. Baadaye, mwaka 2002, Mick Finlay na Evanthia Lyons waliyapitia upya mambo hayo wakatahadharisha tusikimbilie kuilaumu akili ya anayejibu. Mara nyingi swali lenyewe limefungwa mno, au anayeuliza ndiye mwenye mamlaka chumbani. Mimi naafikiana nao kabisa. Kijana aliyekosolewa tangu utotoni hujifunza mapema kwamba "ndiyo" humaliza mahojiano na kumwacha apumue.

Kwa hiyo kwenye meza yetu swali la "umeelewa?" haliulizwi. Tunampa kijana ukurasa tunamwomba amfundishe mwenzake ambaye hajauona. Mimi natazama kidole. Kikisita mahali, naweka alama kwenye nakala yangu, bila kusema neno. Akiruka picha, naweka alama. Akisimulia habari ambayo haimo kabisa kwenye mchoro, hapo ndipo pa kukaa na kuuliza, maana ameona kitu ambacho mimi sikudhamiria kukichora. Tukitaka achague kati ya picha mbili, tunamwonyesha, kisha baadaye tunazibadilisha nafasi na kumuuliza tena, kwa kuwa wengine huchagua ile iliyotajwa mwisho. Na tunasubiri. Mtu mzima asiyezoea huona kimya kirefu kama kushindwa, akaingilia na swali la pili, na kijana aliyekuwa anakaribia kujibu la kwanza anaanza upya.

Jambo jingine dogo lenye uzito: rasimu zangu zote ni za penseli. Mchoro wenye rangi humfanya mtu asifu. Mchoro wa penseli, wenye alama za kufutwafutwa, unamwambia kwamba bado kuna nafasi ya mkono wake. Wengine huchukua penseli wakachora juu yangu bila kuomba, na hivyo ndivyo ninavyotaka.

Kijitabu ambacho kingekuwa kibovu bila wao ni cha kupimwa damu. Watu wenye sindromu ya Down hupata matatizo ya thairoidi, tezi iliyo shingoni, mara nyingi kuliko watu wengine, kwa hiyo kwao kipimo cha damu ni jambo la kujirudia maisha yote. Maandishi yaliandaliwa na watu wa afya, kwa uangalifu na nia njema. Nikachora kama vijitabu vingi vya afya vinavyochorwa: mkono, mpira umefungwa juu ya kiwiko, sindano inaingia. Picha ya karibu, ili kila kitu kionekane.

Kijana mmoja, mpole, mwenye kawaida ya kugeuza ukurasa kwa ncha za vidole viwili, aliutazama mchoro ule, akageuza, akarudi, akaniuliza, "Mwalimu, mwenye mkono yuko wapi?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ameona mkono uliokatwa na mtu anauchoma sindano. Wenzake wawili wakasema nao wameona hivyohivyo. Sisi tuliosoma vitabu vingi tumezoea kuukamilisha mwili vichwani mwetu. Tunajua kwamba ukingo wa picha si ukingo wa mtu. Huo ni ujuzi uliofundishwa, na si kila mtu amefundishwa. Tulichora upya, tukaanza na mtu mwenye mwili kamili, amekaa kwenye kiti, uso unaonekana, miguu ipo. Ukurasa unaofuata tukamsogelea kidogo, uso bado upo. Binti aliyekuwa upande wa pili wa meza akaongeza sharti lake: shati lisibadilike. Nilipompa mgonjwa nguo nyingine, yeye alihesabu mtu mwingine ameingia chumbani, akaanza kuuliza yule wa kwanza kaenda wapi.

Alama yangu ya X nyekundu nayo ilianguka siku hiyohiyo. Nilikuwa nimemchora mtu anauvuta mkono wake wakati wa kuchomwa, juu yake nikaweka alama ya X kuonyesha usifanye hivi. Kwao X nyekundu ni kalamu ya mwalimu aliyesahihisha daftari. Mmoja akasema mtu huyu "amekosa", akamwonea huruma. Mwingine aliipita X kabisa, akajifunza kutoka kwenye picha kwamba mkono unatakiwa kuvutwa. Tuliondoa kila X kwenye kitabu. Badala yake kukawa na mto mdogo, mkono umetulia juu yake. Onyesha linalotakiwa kufanywa; hiyo imekuwa kanuni yetu, na imetoka kwao.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya maumivu. Maandishi yalisema, "Hutasikia maumivu." Yule binti wa shati, ambaye amepimwa damu mara nyingi kuliko sisi sote tuliokuwepo, aliusukuma ukurasa. "Uongo. Inauma." Mtaalamu wa afya alieleza kwa upole kwamba tukiandika hivyo watu wataogopa na kukataa kipimo. Vijana walimsikiliza, kisha mmoja akasema jambo ambalo nililiandika palepale: ukidanganywa ukurasa huu, ukurasa wa mbele huuamini tena. Tukabaki kimya. Wakaanza kutafuta maneno wenyewe, wakijaribu kwa sauti, wakikataa, wakirudia. Walichokubaliana kimechapwa hivi: "Sindano itachoma kidogo. Kisha itatoka." Wakadai pia ukurasa ambao hakuna mtu mzima aliyekuwa ameufikiria, wa mtu anayelia huku muuguzi akimngoja. Wakadai ukurasa wa kusema "Subiri." Na wakadai kile ambacho wataalamu walitaka kukiacha kabisa, kwamba wakati mwingine mshipa haupatikani na unachomwa mara ya pili. Karibu kila mmoja pale mezani lilikuwa limemkuta. Kitabu ambacho kingelinyamazia kingewaacha peke yao wakati ule mbaya zaidi, na wangedhani wamefanya kosa wao.

Ndiyo maana nasema tuanzie kwenye mada. Wanaoagiza kazi huja na orodha iliyokwisha kuandikwa: kunawa mikono, kupanga chumba, kuvuka barabara. Yana umuhimu wake, siyapuuzi. Lakini ukiwauliza vijana wa miaka kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na moja wanataka kujua nini, orodha inakuwa nyingine. Nitajuaje kama huyu ni rafiki au ananitumia? Nikimpenda mtu naye hajibu ujumbe wangu, nifanye nini? Ndugu akinikumbatia nisipotaka, nina ruhusa ya kukataa? Kwa nini simu yangu inapekuliwa? Na swali lililoulizwa na kijana ambaye kwa kawaida husema maneno mawili kwa mkutano mzima: mama akifa, nitakaa na nani?

Hilo la mwisho si hofu ya bure. Nchini Marekani mwaka 1983 wastani wa umri wa kuishi wa mtu mwenye sindromu ya Down ulikuwa kama miaka 25. Sasa unakaribia 60. Maana yake wengi wa vijana hawa watawazika wazazi wao. Ni kizazi kinachohitaji vitabu ambavyo waliotangulia hawakuandikiwa, na hakuna mtaalamu aliyeishi maisha hayo ili atuandikie kutoka kichwani mwake. Wao wanayaishi.

Ukiwaacha wachague mada, hata picha zinabadilika. Hakuna tena sungura wanaotabasamu wala puto kwenye kona za ukurasa. Kijana mwenye ndevu kupewa kitabu cha kujifunza faragha ya mwili kilichopambwa kama cha chekechea ni kumwambia kwamba hatutaraji akue. Wanaliona, na linawauma.

Nisieleweke kwamba wao ni sauti moja. Tulibishana sana kama tutumie picha za kamera au michoro. Wengine walitaka kamera kwa sababu ni kitu halisi, kiti kile ndicho watakachokikuta. Wengine waliikataa: wakiona picha ya mtu halisi, kitabu kinakuwa cha mtu yule, hakiwahusu tena. Hatukufikia muafaka, tukagawana: mahali na vifaa vikapigwa picha, watu wakachorwa. Kuna mwenzetu ambaye hadi leo hapendi uamuzi huo, na kila tukikutana ananikumbusha. Naheshimu sana ukaidi wake. Mtu anayeweza kusema "sipendi" mbele ya mhariri wake amefika mbali.

Na wasiotumia maneno? Hapa ndipo miradi mingi huchagua wale wanaosema vizuri na kuwaacha wengine nje ya mlango. Kuna njia. Mwaka 1998 Joan Murphy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stirling, Uskochi, walianzisha utaratibu wa Talking Mats. Ni mkeka mdogo wenye alama juu yake, upande mmoja napenda, upande wa pili sipendi, katikati sina hakika. Mtu anapewa kadi za picha moja moja na kuziweka anapotaka. Anaweza kutumia mkono au macho. Tunaweka pia kadi ambazo majibu yake tunayajua tayari, ili tuone kama mkeka unaeleweka, na tunarudia siku nyingine kabla ya kuamini. Lakini wakati mwingine hata mkeka hauhitajiki. Kijana mmoja asiyezungumza alikuwa akikisukuma mbali kila kitabu cha mfano tulichomletea, na watu wakaanza kusema havutiwi na vitabu. Binti mmoja wa kikundi ndiye aliyegundua kwamba hukisukuma akiwa amekaa chini ya taa tu. Karatasi ilikuwa ya kung'aa. Mwanga ulikuwa unamchoma machoni. Tulipoleta karatasi isiyong'aa alikishika, akakikagua ukurasa kwa ukurasa. Tangu hapo hatuchapi kwenye karatasi ya kung'aa.

Mara nyingi kijana anakuja na mzazi au dada yake, naye ndiye anayejibu. Siwalaumu. Mama aliyekuwa ulimi wa mwanawe kwa miaka yote hiyo hawezi kunyamaza kwa sababu mimi nimemwomba. Tunachofanya ni kumpa kazi: akae nyuma kidogo, aandike anachokiona, na mwisho wa kikao tunakaa naye tuyasikie yake. Wengine wametuambia baadaye kwamba wamemsikia mtoto wao akitoa maoni ambayo nyumbani hawajawahi kuyasikia. Ridhaa ya mzazi tunaitafuta pale sheria inapoitaka, ila ya kijana tunaitafuta kila kikao upya, kwa picha, na mbele ya kila mmoja kuna kadi nyekundu ya kusimamisha. Wanaitumia. Kuna siku kikao kizima kimesimamishwa kwa sababu mtu amechoka, na kikasimama kweli.

Watu wa mashirika hupenda kuuliza miongozo iko wapi. Ipo. Mwaka 2009 Inclusion Europe, shirika la Ulaya la watu wenye ulemavu wa akili na familia zao, ilitoa viwango vya Ulaya vya maandishi rahisi kusomeka: sentensi fupi, herufi zisizopungua ukubwa wa 14, picha kando ya maneno. Navitumia. Ila viwango hivyohivyo vinasema watu wenye ulemavu wa akili wahusishwe katika kuandaa habari zao, na hilo ndilo watu wanaloliruka wakakimbilia ukubwa wa herufi. Unaweza kutimiza kila kanuni ya maandishi ukabaki na mkono usio na mwenyewe.

Haki nayo imeandikwa zamani. Vuguvugu la People First, yaani "watu kwanza", lilianza Oregon, Marekani, mwaka 1974, likiongozwa na watu wenye ulemavu wa akili wenyewe waliotaka kuonwa kuwa watu kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi, katika ibara ya 4, kushauriana kwa karibu na watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, katika maamuzi yanayowahusu; ibara ya 7 inasema watoto wapewe msaada unaofaa umri na ulemavu wao ili watoe maoni. Na mwaka 1992 Roger Hart, akiandikia UNICEF, aliupanga ushiriki wa watoto kwa ngazi yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini havihesabiwi kuwa ushiriki: kuwatumia, kuwafanya pambo, kuwaweka kwa jina tu. Ile picha ya pamoja ukumbini naiweka kwenye kipandio cha pili.

Sasa malipo. Daktari analipwa kwa ushauri wake, mimi nalipwa kwa michoro, na aliyegundua kwamba mkono hauna mwenyewe anapewa cheti na soda. Hili sikubaliani nalo hata kidogo. Kazi yao ina bei na iandikwe kwenye bajeti mwanzoni, kabla ya bei ya karatasi. Kuna nchi ambako malipo yanaweza kupunguza posho ya ulemavu, basi mtu aelezwe mapema, kwa lugha anayoielewa, achague mwenyewe namna ya kulipwa. Majina yawe kwenye jalada pamoja na ya wataalamu, na kila mmoja aulizwe anataka aandikwe vipi. Katika kikundi chetu wengi walichagua neno "waandishi". Wawili hawakutaka majina yao yatokee popote, na hayakutokea. Hakuna aliyetaka ulemavu wake uandikwe kando ya jina.

Muda pia ni gharama, na ndio unaowashinda wengi. Vikao vyetu ni vifupi, vyenye mapumziko, chumba kilekile, ratiba ya picha ukutani, na kumbukumbu za kikao natoa kwa picha ili waje wakijua tulipoishia. Kijitabu kinachochukua wiki chache kwa mtindo wa zamani, kwetu kinachukua miezi. Anayeniagiza namwambia hivyo kabla ya kusaini. Wengine wameondoka, na nimewaacha waende.

Kijitabu tunachokianza sasa ni kile cha swali la mama. Kikundi kimeshaamua mambo mawili: kisitumie neno "amelala" kwa mtu aliyekufa, kwa sababu mmoja wao aliwahi kuambiwa hivyo akakaa akiogopa kulala, na ukurasa wa kuuliza "nitakaa na nani" uwe mbele, usifichwe mwishoni. Mshauri mmoja ameomba ukurasa huo urudishwe nyuma. Mkataba wetu una kifungu kwamba hakuna ukurasa unaohamishwa wala kuchapwa bila sahihi za waandishi, na kwa wasioandika, alama ya kidole. Mshauri atakuja kikao kijacho kueleza hoja zake kwao mwenyewe, na wao wameniomba nimchoree ratiba ya picha ili ajue kikao kinavyokwenda.